Watoto wa Ayalandi Walivyookoa Methali za Nyanya Zao

Jioni moja ya likizo huko Kiirua, Meru, mama mkongwe alimtupia mjukuu wake methali ya Kimeru kuhusu uvivu. Kijana, mzaliwa wa Nairobi, alitabasamu tu, kisha akaninong'oneza: "Nyanya amesema nini?" Nikamfasiria. Hakucheka wala hakuaibika. Methali iliyofasiriwa ni kama chai iliyopoa.

Msiba huo uliwapata Waayalandi kabla yetu. Hao nao ni wakulima wa viazi, kama watu wa Kiirua. Mwaka wa 1845 ugonjwa ulianza kuozesha viazi vyao shambani, na njaa iliyofuata iliwaua watu wapatao milioni moja, wengi wao maskini wa mashambani waliozungumza Kiayalandi. Shuleni nako, mtoto aliyesema lugha ya mamake alivishwa kijiti shingoni, kikakatwa alama kwa kila kosa, kisha akachapwa kwa hesabu ya alama hizo. Msomaji uliyewahi kuvishwa kibao kwa kusema lugha ya nyumbani katika shule zetu, huhitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kati ya 1937 na 1939, shule zilezile zilitumiwa kuponya kidonda. Tume ya Ngano ya Ayalandi, iliyoundwa mwaka wa 1935, iliwatuma wanafunzi wapatao 50,000 wa shule za msingi kwa wazee wao, daftari mkononi, wakaandike hadithi, vitendawili na methali. Maandishi yao yangali yamehifadhiwa katika chuo kikuu jijini Dublin.

Waayalandi huita methali "seanfhocal", yaani neno la kale. Husema neno jema halijapata kuvunja jino. Husema mbawakawa humtambua mbawakawa mwenzake; sisi tungewataja ndege wa mabawa sawa. Ninayoipenda zaidi ni ile isemayo kuwa watu huishi katika kivuli cha wenzao. Usidhani ni kivuli cha kukimbilia jua! Kwao mvua na upepo havikatiki, na kivuli hicho ni kinga, mtu akimkingia jirani yake baridi.

Nilimsimulia kijana wetu hayo. Kesho yake alinunua daftari sokoni Kiirua, na kufikia usiku alikuwa na methali tatu, mbili zikiwa na makosa ya tahajia. Nyanya alimwamuru amsomee alichoandika. Aliposikia maneno yake yakitoka karatasini, alivuta kigoda karibu na taa, akamwambia afungue ukurasa mwingine.