Ada Tumelipa, Mbona Bado Anakwama Kwenye Takwimu?



Katika vikao vya kamati ya elimu hapa Kiwalani swali moja limekuwa likirudi: "Ada tumelipa, bumu anapata, mbona mtoto bado ana sapu ya takwimu?" Tumeona tulieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu sapu zikizidi mwanafunzi hudisko. Akidisko, mkopo wa Bodi ya Mikopo hukatika na mchango wa usharika nao umekwenda.

Wengi wetu hudhani uchumi ni maelezo ya bei na biashara. Chuo kikuu si hivyo. Mwaka wa kwanza mwanafunzi hukutana na hisabati ya wanauchumi na takwimu, na baadaye ekonometriki, yaani kupima kwa takwimu kama nadharia inalingana na hali halisi. Kwa miaka mingi vijana wengi wameingia huko kwa mchepuo wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi). Wenzao wa EGM walisoma Hisabati ya Juu. Hawa walipata hisabati kama somo dogo la nyongeza. Chuoni wanakaa benchi moja. Tena "wastani" waliouelewa shule ya msingi kwa Kiswahili unarudi kwa Kiingereza, umevaa alama za Kigiriki.

Hebu tuutazame huo wastani. Tuseme watu watano wa mtaa mmoja hupata kwa siku shilingi 6,000, 7,000, 8,000, 9,000, na wa tano, mwenye nyumba za kupangisha, 70,000. Jumla ni 100,000, wastani 20,000. Lakini wanne kati ya watano hawafikii hata nusu ya hizo 20,000! Ukiwapanga kwa mstari na kumtazama aliye katikati, unapata 8,000, na hiyo ndiyo inayofanana na maisha ya mtaa. Mwanafunzi anayekariri kanuni hupata hesabu zote mbili sawasawa, ila hajui achague ipi.

Hapo tukiri kosa letu. Tulipoandaa ombi la mikopo midogo kwa akina mama, tuliwahoji waliobaki baada ya ibada ya kwanza, tukapiga wastani, tukaridhika. Binti mmoja tunayemlipia ada, naye alikuwa na sapu ya takwimu wakati huo, akatuuliza: "Wazazi wangu, na mama anayekaanga vitumbua saa hizo, mlimhoji lini?" Kweli, tuliwapima wenye nafasi ya kukaa kikao. Tukaanza upya, safari hii kwa kuchagua nyumba kwa bahati nasibu, mpaka vichochoro vya ndani. Ndivyo ilivyo pia kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu: Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, uliokadiria kuwa asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, ulitegemea kaya zisizofika 10,000. Nguvu yake ilikuwa katika namna kaya hizo zilivyochaguliwa.

Ugumu wa kufundisha mambo haya haukuanza Kiwalani. Umoja wa Utafiti wa Uchumi Afrika, ulioanzishwa 1988 na wenye makao Nairobi, ulianza 1993 mpango wa pamoja wa shahada ya uzamili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo. Wanafunzi walisoma masomo ya lazima vyuoni kwao, kisha wakakutana Nairobi kwa masomo ya kuchagua, kwa kuwa si rahisi chuo kimoja kuwa na walimu wa kutosha kwa kila tawi. Lakini huo ni uzamili. Anayekwama muhula wa kwanza hafiki huko.

Kwa hiyo tumeanza darasa la Jumamosi katika chumba cha Shule ya Jumapili. Wanafunzi wa mwaka wa tatu huwafundisha wa mwaka wa kwanza, wakitumia bei za mchele na mkaa walizoziandika wenyewe sokoni. Tunazungumza Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza cha mtihani. Kinachopungua ni vikokotoo vya kisayansi na nauli ya wanaotoka mbali; wengine hubadilisha daladala Ubungo na tena Buguruni. Tumeiomba kamati itenge sehemu ndogo ya fungu la ada kwa ajili hiyo. Wajumbe wawili wamepinga, wakisema fedha za ada ziende kwenye ada, na hoja yao ina uzito. Italetwa tena kikao kijacho, pamoja na matokeo ya muhula huu.