Alama ya X haitoshi: Jinsi sheria inavyomkabili mwenye nyumba iliyochakaa

ALAMA ya X iliyochorwa ukutani kwa rangi nyekundu imekuwa jambo la kawaida katika mitaa mingi ya Nairobi. Wapita njia hudhani kuwa jengo lenye alama hiyo litabomolewa baada ya siku chache. Lakini miezi hupita, rangi hufifia kwa mvua, na wapangaji huendelea kulipa kodi.

Jengo la ghorofa sita lililoporomoka mtaani Huruma usiku wa Aprili 29, 2016 na kuua takriban watu 50 lilikuwa tayari limetajwa na maafisa kuwa halifai kukaliwa. Watu walikuwa wangali ndani. Jengo hilo lilikuwa bovu tangu kujengwa, wala si uzee ulioliangusha. Hata hivyo, mkasa huo uliacha swali linalohusu pia nyumba zinazooza kwa kukosa ukarabati: kati ya onyo na hatua, mambo hukwama wapi?

Rangi yenyewe si amri. Nguvu ya kumlazimisha mtu binafsi kuitunza mali yake hutokana hasa na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka wa 1921. Sheria hiyo haijali urembo wa mji. Inazungumzia kero, neno pana linalojumuisha nyumba iliyo katika hali ya kuhatarisha afya, rundo la taka, na hata shamba au ploti iliyoachwa hadi ikawa chanzo cha maradhi.

Afisa wa afya akiridhika kwamba kero ipo, humpa aliyeisababisha ilani inayotaja muda wa kuiondoa na kazi inayopaswa kufanywa. Mhusika asipopatikana, ilani hupewa anayekaa humo au mwenye nyumba. Lakini kasoro ikiwa ya jengo lenyewe, mathalani ukuta uliopasuka au paa lililobonyea, au nyumba ikiwa haina mtu, ilani ni ya mwenye nyumba. Mpangaji hawezi kutupiwa mzigo huo, ingawa landilodi wengi hujaribu.

Ilani ikipuuzwa, kesi hupelekwa kwa hakimu. Mahakama inaweza kuamuru ukarabati au kuifunga nyumba. Iwapo nyumba imeharibika kiasi kwamba ukarabati hautaifaa, inaweza kuamuru ibomolewe, mwenyewe akipewa angalau mwezi mmoja kabla ya kuanza kazi hiyo. Akikaidi, afisa ana ruhusa ya kuingia, kuiondoa kero na kudai gharama mahakamani.

Katika maandishi, basi, hakuna linalokosekana. Kasoro iko katika bei ya ukaidi. Faini iliyowekwa na sheria hiyo kwa anayepuuza amri ya mahakama haizidi shilingi 80 kwa siku. Hiyo ni shilingi 2,400 kwa mwezi, kiasi ambacho hakifikii kodi ya chumba kimoja katika mitaa mingi ya jiji. Nayo serikali ya kaunti ikitaka kufanya kazi yenyewe, sharti kwanza itoe fedha zake, kisha imwandame mwenye nyumba kortini kwa muda usiojulikana.

Kodi ya ardhi haisaidii sana. Jijini Nairobi kodi hiyo hukadiriwa kwa thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu jengo lililo juu yake. Mwenye gofu hulipa sawa na jirani aliyejenga vizuri kwenye ploti ya ukubwa na thamani iyo hiyo. Akisubiri, nyumba inaoza lakini ardhi inapanda bei.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa tatizo huwa tofauti. Huko nyumba nyingine ni za wakfu, na nyingine ni za warithi wengi wa marehemu babu, baadhi yao wakiishi Oman au Uingereza. Ilani apewe nani? Isitoshe, Sheria ya Udhibiti wa Kodi hulinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba hupata hoja ya kuuliza fedha hizo zitanunua boriti ngapi, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka wa 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati mwa mji yapakwe rangi nyeupe na buluu. Kuta zilipendeza, ila rangi haizuii boriti kuoza.

Miji ya kigeni yenye mahame mengi imejaribu kuondoa vikwazo kama hivi. Mjini Philadelphia, Marekani, jiji lilianza mwaka wa 2011 kuwatoza wenye nyumba tupu hadi dola 300 kwa siku kwa kila mlango au dirisha lisilowekwa ipasavyo. Baltimore nayo humwomba jaji ateue msimamizi wa nyumba iliyotelekezwa, ambaye huinadi kwa mnunuzi mwenye uwezo wa kuikarabati. Kwa njia hiyo jiji halilazimiki kusubiri warithi wapatane.

Hata faini za Kenya zikiongezwa, litabaki suala la wanaoishi ndani. Hakimu akiamuru nyumba ibomolewe, wakazi hupewa notisi ya kuhama kufikia siku maalumu, na anayebaki huwa ametenda kosa. Sheria haisemi ahamie wapi. Ndiyo maana afisa mwenye ilani mkononi anaposimama mbele ya jengo lenye familia 60, huona ni rahisi zaidi kuchora X na kwenda zake.