Habari ya Ngitili, na Elimu ya Kuwauliza Watu

Mwaka mmoja nilitumwa kuuliza habari za mifugo katika kijiji kimoja karibu na Bariadi. Nilifika kwa mzee mmoja asubuhi, saa ya kukamua, nami kabla sijaketi nikafungua daftari na kumwuliza, "Babu, una ng'ombe wangapi?" Mzee alinitazama kitambo, akajibu, "Wachache tu, mwalimu." Nikaandika "wachache," nikaenda zangu. Jioni nikaona vumbi la kundi lake limefunika njia nzima. Nani atamwambia mgeni mwenye daftari hesabu ya mali yake? Kosa lilikuwa langu.

Iko elimu iitwayo anthropolojia, yaani elimu ya kuchunguza maisha na desturi za watu, nayo yafundisha njia nyingine. Mchunguzi hukaa na watu mwaka mzima au zaidi. Hujifunza lugha yao, hufuatana nao shambani na mnadani, na usiku huandika aliyoyaona. Bronislaw Malinowski, mtu wa Poland, aliishi hivyo katika visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, miaka ya 1915 hata 1918. Baadaye alifundisha London, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Jomo Kenyatta, aliyeandika habari za Wakikuyu wenzake katika kitabu kilichochapwa mwaka 1938. Basi msidhani kazi hii ni ya Wazungu peke yao. Mtu aweza kuwachunguza hata watu wa kwao, ijapokuwa ni vigumu, maana tuliyoyazoea hatuyaoni.

Tena mchunguzi hamwulizi mwenye mji peke yake. Habari za kuni ajuaye ni mama aendaye kuzitafuta. Na habari za majani, pengine mtoto mchungaji ajua kuliko mwenye ng'ombe.

Sasa sikilizeni yaliyotokea katika nchi yetu. Zamani serikali ilikata misitu mingi ya Usukuma ili kufukuza mbung'o. Watu wakaongezeka, na ng'ombe, na mashamba ya pamba, hata miti ikawa haba. Mwaka 1947 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kuitengeneza nchi. Wataalamu wake hawakuwa wajinga. Waliona vema kwamba udongo unachukuliwa na mvua. Lakini walileta amri: limeni matuta namna hii, punguzeni ng'ombe wenu. Watu walitii kwa kuogopa faini, wakanung'unika, na katika miaka ya 1950 walizikataa amri zile hata zikaachwa.

Mwaka 1986 ilianza kazi nyingine, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Siku zile Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, maana Mkoa wa Simiyu ulifanywa mwaka 2012. Hapo kwanza HASHI nayo ilikazania miche ya vitaluni, mingi ya miti ya kigeni. Kisha wafanyakazi wake wakaketi na wanakijiji, wakauliza: Wazee wenu walifanyaje wakati wa kiangazi? Jibu likawa neno moja: ngitili.

Ngitili ni malisho yafungwayo wakati wa mvua, mifugo isiingie, majani yapate kukua. Kiangazi kikizidi hufunguliwa, na ndama, ng'ombe wa kulima na mifugo dhaifu hupata chakula. Nyingine ni za mtu na jamaa yake, nyingine za kijiji. Desturi hiyo ilikuwa imefifia, hasa watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, wakaacha ngitili zao nyuma. Lakini wazee walikuwa hawajaisahau. Wala visiki na mizizi ya miti ilikuwa haijafa, ilingoja tu kuachwa ichipue. Hata sheria zilikuwapo: dagashida, yaani baraza la jadi, likamtoza faini aliyechungia ndani bila ruhusa.

Kazi ilipoanza, ngitili zilizojulikana katika mkoa zilikuwa hekta 600 hivi. Kufika mwaka 2004 zilipita hekta 300,000. Wanawake walipoulizwa, walisema saa za kutafuta kuni zimepungua. Maswali yakaonyesha na jambo lisilopendeza: wenye ardhi na ng'ombe wengi walipata faida kubwa kuliko maskini asiye na mahali pa kufunga.

Mimi nami nilirudi kwa yule mzee kiangazi kilichofuata, bila daftari. Alinipeleka katika ngitili yake, tukatembea polepole, akinitajia kila mti na dawa yake. Siku ya tatu, tukiwa tumeketi kivulini, ng'ombe wakapita kwenda kunywa maji. Akaanza kunitajia mmoja mmoja kwa rangi yake, na mama yake, na mahali alipotoka, wala sikuwa nimemwuliza neno.