Nyumba ya Louisville na Karatasi Isiyoonekana

Paukwa!

Mmeitika pakawa? Vizuri. Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo mmenijia na swali zito: "Mjomba, kwa nini watu wazima wanagombania nyumba ya marehemu?" Wakubwa wengi huliogopa swali hilo, wakaliweka mpaka msibani. Nyinyi hamkuliogopa. Hongereni sana.

Nitawajibu kwa hadithi. Hadithi nimeitunga mimi, lakini sheria zilizomo ni za kweli.

Hapo kale, kale ya juzi tu, palikuwa na nyumba mjini Louisville, Kentucky. Nyumba ya matofali yenye baraza mbele. Aliyeinunua ni Babu mmoja. Alizaliwa Fizi, kule Kongo, akakaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, kisha ndege ikamleta Marekani. Alifanya kazi za usiku, akipakia mizigo. Akalipa deni la nyumba kidogo kidogo. Siku deni lilipokwisha, alipika wali kwa nyama, akaita majirani.

Babu alikuwa na mkewe, yaani Bibi, na watoto watatu aliozaa naye. Wa kwanza alihamia Columbus, Ohio. Wa pili alihamia Buffalo, New York, kwenye theluji ya kufika kiunoni. Kitinda mimba alibaki Louisville na mama yake.

Babu akafariki. Matanga yalipoanuliwa, watoto wakaulizana, "Wosia uko wapi?"

Bibi alisema Babu aliandika. Alimwona kwa macho yake akiandika mezani, usiku, kwa mkono. Wakatafuta. Kabatini haumo. Ndani ya Biblia haumo. Chini ya godoro haumo.

Basi nyumba ikasema: "Kuta zangu zina masikio. Nilisikia simu ya kutoka Columbus: 'Kitinda mimba ameuficha.' Nikasikia kitinda mimba akimnong'oneza mkewe: 'Kaka ndiye aliyelala hapa mara ya mwisho.' Jana walikuwa ndugu. Leo wanachungulia mikoba."

"Mjomba, kwani wosia ni nini?"

Umeuliza vyema. Mama amepika chungu cha nyama. Kabla ya kutoka anasema: huyu apewe hiki, yule apewe kile, mdogo asisahauliwe. Sauti hiyo ndiyo wosia. Akitoka bila kusema, chungu hakitakaa bure jikoni. Mtu mwingine atashika upawa agawe. Kwenye nyumba ya marehemu, anayeshika upawa ni sheria ya jimbo. Na upawa wa Kentucky si upawa wa Ohio. Upawa wa Ohio si upawa wa New York.

Hapo ndipo ugomvi ulipoiva. Kila mtoto alikwenda kuuliza mjini kwake.

Yule wa Columbus akarudi na jibu: "Kama watoto wote ni wa mama huyu, nyumba yote ni ya mama." Kwa Ohio, kweli kabisa.

Yule wa Buffalo akapiga simu: "Hapana! Mke anapewa dola 50,000 za kwanza, na nusu ya kinachobaki. Nusu nyingine ya watoto." Kwa New York, kweli kabisa.

Mara baba mdogo akapiga simu kutoka Uvira. "Nanyi mmesahau kwenu? Sheria ya familia ya Kongo, ya mwaka 1987, inawapa watoto robo tatu. Robo iliyobaki ni ya mjane, wazazi, na sisi ndugu zake marehemu." Naye hakukosea.

"Mjomba, sasa nani alikuwa mwongo?"

Hakuna mwongo! Kila mmoja alisema kweli ya mahali alipo. Walichosahau ni kwamba nyumba haina miguu. Watoto wameondoka. Baba mdogo yuko ng'ambo ya bahari. Nyumba haikuondoka.

Nyumba ikasema: "Nimesimama Kentucky, nagawiwa Kentucky."

Na Kentucky inasemaje? Kwanza inataka hati ya nyumba isomwe. Kama hati ina majina ya mume na mke, na imeandikwa kwamba atakayebaki hai anachukua yote, basi nyumba ni ya Bibi. Habari imekwisha, hakuna cha kugombania. Nashangaa jinsi familia zinavyopigana miezi mitatu kabla ya mtu mmoja kufungua hati! Lakini hati ya Babu ilikuwa na jina lake peke yake. Kwa hiyo, bila wosia, mjane anapata nusu ya nyumba. Nusu nyingine inagawanywa sawa kwa watoto. Watoto watatu, kila mmoja sehemu moja kati ya sita. Wa mbali na wa karibu, sawa. Aliyemuuguza baba na ambaye hakumuuguza, sawa. Upawa wa sheria hauangalii nani alilala hospitalini. Hilo mimi linaniuma kidogo, lakini ndivyo lilivyo.

"Mjomba, Babu alikosa wosia kwa kuwa hakusoma sana?"

La, la! Mmewahi kumsikia Abraham Lincoln? Alizaliwa mwaka 1809 huko huko Kentucky. Alipokuwa mtoto wa miaka saba, baba yake aliihama Kentucky, na sababu kubwa ilikuwa migogoro ya hati za ardhi. Lincoln akakua, akawa mwanasheria, akawa rais. Akauawa mwaka 1865. Wosia? Hakuacha! Mwanasheria mzima! Rafiki yake David Davis, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ndiye aliyesimamia mali, ikagawanywa mafungu matatu: mjane na wana wawili waliobaki. Kwa hiyo msimcheke Babu wa Fizi.

"Je, karatasi ikionekana baadaye?"

Swali tamu hilo. Aretha Franklin, mwimbaji mkubwa wa Detroit, alifariki mwaka 2018. Watu wakasema hakuacha wosia. Mwaka uliofuata, karatasi za mkono wake zikaonekana nyumbani. Moja ilikuwa kabatini, imefungiwa. Nyingine ilikuwa kwenye daftari, chini ya mto wa kochi! Watu walikuwa wameikalia. Wanawe wakabishana ipi ishike, ile ya 2010 au ile ya 2014. Julai 2023, jopo la raia waamuzi wa korti huko Michigan likaamua: ile ya kwenye kochi. Karibu miaka mitano ilipita, ndipo neno la mama likasikika.

Ingekuwa karatasi ya Babu je? Kentucky inaukubali wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe na kutiwa sahihi, hata bila mashahidi. Lakini kama Babu angekuwa mkazi wa Columbus na kuuandika huko, angehitaji mashahidi wawili. Buffalo, wawili pia. New York huwaonea huruma wachache tu, kama askari aliye vitani au baharia aliye baharini. Nanyi mlio Waislamu, mliojaa pale Columbus, muwaambie wazazi: korti ya Marekani haitagawa kwa mafungu ya mirathi ya Kiislamu yenyewe tu. Lazima yaandikwe kwenye wosia.

"Na kama kweli mtu ameuficha?"

Ohio haina mchezo na mtu huyo. Anayejua wosia upo, anao mkononi, akaukalia mwaka mzima kwa makusudi bila sababu ya maana, anapoteza fungu lake. Huko New York, kuficha wosia kwa hila ni jinai, mtu anaweza kufungwa.

"Na kama haukuonekana kabisa?"

Hapo sikilizeni vizuri. Kama wosia ulikuwa mikononi mwa marehemu mwenyewe, na sasa hauonekani, korti huanza kwa kudhani kwamba aliuharibu mwenyewe, kwa hiari yake. Anayebisha alete ushahidi wenye nguvu: nakala, na watu walioujua.

"Mjomba, hiyo ni haki kweli?"

Nilidhani mtauliza! Hebu tuiache nyumba iseme.

Nyumba ikasema: "Babu aliandika, kweli. Kisha mjukuu wa saba akazaliwa. Babu akasema, karatasi hii imezeeka, nitaandika nyingine. Akaichana vipande vinne, akatupa. Kesho yake alikwenda kazini. Kesho yake tena. Nyingine hakuiandika."

Mnaona? Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyeficha. Lakini nyumba haiitwi mahakamani, na ndugu wale walikuwa wameshatukanana. Mwisho walipanda gari. Wa Buffalo alimpitia wa Columbus, wakashika barabara kuu ya 71 mpaka Louisville. Wakaenda Mahakama ya Wilaya pamoja na Bibi. Nusu kwa Bibi, sehemu moja kati ya sita kwa kila mtoto. Kisha watoto wakatia sahihi kumwachia mama mafungu yao. Sheria haikuwalazimisha kufanya hivyo.

Sasa nanyi nawapa kazi, wapwa zangu. Waulizeni wazazi mambo mawili kabla ya mwezi huu kwisha. Hati ya nyumba ina majina ya nani? Wosia uko wapi, na nani mwingine anajua? Wakisema hawana pa kuuweka, waambieni hivi: korti ya mirathi ya kaunti ya Franklin, Columbus, hupokea wosia wa mtu aliye hai na kumtunzia. Korti ya Surrogate, yaani korti ya mirathi, ya kaunti ya Erie, Buffalo, nayo hupokea.