Kuchemsha, Kupoza, Kuziba: Lugha ya Kudhibiti Joto la Injini ya Mashindano katika Gereji za Arua na Koboko

Makala haya yanajadili jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi: namna ya kuilinda injini iliyoongezwa nguvu isizidiwe na joto pale gari jepesi la michezo linapoendeshwa kwa kasi. Sababu ya kulichagua ni ya kiisimu. Katika gereji za Lurujo, Arua na Koboko, fundi, dereva na mwenye gari mara nyingi hawana lugha ya kwanza moja. Kilugbara, Kikakwa, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiingereza hukutana chini ya boneti ileile, na aghalabu Kiswahili ndicho kinachobeba maagizo. Agizo likieleweka vibaya, gasketi ya hedi huungua.

Mashindano ya magari si mageni katika eneo letu. Safari ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews, waliishinda kwa Datsun 240Z, gari la michezo lenye injini ya silinda sita na ujazo wa takriban lita 2.4. Mwaka huohuo serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Ni sadfa tu. Hata hivyo, tangazo halikumpa fundi istilahi hata moja.

Tuanze na kitenzi kinachosikika zaidi: gari “linachemsha”. Kisarufi, gari ndilo mtenda na maji ndiyo yanayotendwa. Tatizo ni kwamba kitenzi hiki kimoja hubeba hali tatu tofauti. Arua iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji katika chombo kilicho wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100. Mfuniko wa rejeta unaozuia shinikizo la baa moja hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 118. Kwa hiyo mfuniko uliochoka unaweza kuyafanya maji yachemke ilhali injini yenyewe haijazidi joto lake la kawaida. Kinyume chake, injini inaweza kufika nyuzi 112, ikawa hatarini, bila povu wala mvuke kuonekana. Hali ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: maji yakishavuja, kihisio hubaki kwenye mvuke au hewa, na geji inaweza kushuka. Dereva hufurahi kwamba gari “limeacha kuchemsha”, kumbe hedi inapinda.

Injini iliyoongezwa nguvu huharakisha msiba huo. Kwa makadirio ya jumla, karibu theluthi moja ya nishati ya mafuta huishia kwenye maji ya injini. Ukichoma mafuta mengi zaidi kila dakika, joto linalopaswa kuondolewa nalo huongezeka. Rejeta, lakini, imebaki ileile, nyuma ya pua nyembamba ya gari dogo.

Hapo ndipo jozi ya poza na pooza inapoingia. Poza ni kufanya kitu kipoe. Pooza, kwa wasomaji wengi, ni kupoteza uwezo wa kiungo, ingawa wapo waandishi wanaolitumia kwa maana zote mbili. Napendekeza vitabu vya ufundi vishike poza, na chombo kiitwe kipoza, ili kipoza mafuta kisisomeke kama kitu kinachoyalemaza. Chombo hicho kinastahili jina lisilo na utata, maana geji ya maji haisemi lolote kuhusu joto la mafuta yanayolinda beringi.

Ushauri wa “toa themostati”, unaosikika gereji nyingi, una kasoro ya maudhui zaidi ya ile ya lugha. Hoja kwamba maji yakipita haraka mno hayabebi joto si sahihi. Lakini themostati huchangia kudumisha shinikizo ndani ya bloku, jambo linalozuia mapovu ya mvuke kuzunguka hedi. Katika injini nyingine huifunga pia njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Katika kasi, upepo wa mwendo hufanya kazi kubwa kuliko feni. Hewa, kama maji, hufuata njia rahisi: ikipata nafasi pembeni, huizunguka rejeta badala ya kupenya mapezi yake. Dawa ni kuziba nafasi hizo kwa bati au sponji, na kuipa hewa ya moto pa kutokea nyuma. Nilipotafsiri agizo hili kwa mara ya kwanza niliandika, “Ziba uwazi wa rejeta.” Msaidizi mmoja alichukua boksi na kuufunika uso mzima wa rejeta. Hakukosea, nilikosea mimi. Kihusishi -a kinaruhusu uwazi ulio ndani ya rejeta na ulio kando yake. Sasa naandika, “Ziba nafasi inayoizunguka rejeta, usiufunike uso wake.”

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na mjadala wa sera umeelekea zaidi madarasani. Kamusi ya TUKI ya mwaka 1990 ya biolojia, fizikia na kemia ilionyesha kwamba istilahi za sayansi zinawezekana. Kwa gereji, ningeomba washauri wa sera wagharamie majaribio ya sentensi nzima kabla ya orodha za maneno: fundi asomewe agizo, kisha atazamwe anafanya nini.

Sentensi ya kwanza iwe ile ya mfuniko: “Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto.” Iambatane na sababu yake, kwamba shinikizo likiondoka, kiwango cha kuchemka hushuka ghafla kutoka nyuzi 118 hadi 96, na maji yaliyokuwa yametulia humrukia aliyefungua. Kitakachobaki kuamuliwa Koboko ni kama waiite mfuniko, kifuniko au kizibo.