Tupange nishati kabla buyu halijakauka

Wahenga waliponena kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali, hawakuyajua mafuta ya petroli. Hata hivyo, methali hiyo yayafaa mafuta hayo kuliko hata asali yenyewe, kwani nyuki hurudi mzingani, ilhali kisima kilichokauka hakijazwi na yeyote.

Huenda lugha nayo inatupumbaza. Kiswahili hutumia neno moja, mafuta, kwa mafuta ya nazi, ya ufuta, ya alizeti na yale yachimbwayo ardhini. Hayo ya kwanza hupatikana tena mradi mkulima apande. Ya ardhini yalifanyika kwa mamilioni ya miaka kutokana na mabaki ya viumbe wadogo wa majini. Jina ni moja, tabia ni mbili.

Mwaka 1956, mwanajiolojia wa Marekani, M. King Hubbert, alikadiria kwamba uzalishaji wa mafuta nchini mwake ungefikia kilele kati ya 1965 na 1970, kisha ushuke. Kilele kilifika 1970. Ni kweli kuwa miongo kadhaa baadaye mbinu za kupasua miamba ziliuinua tena uzalishaji huo hadi ukapita kilele kile. Lakini mbinu hizo ziliisogeza mbele siku ya uhaba. Hazikuongeza hata tone moja katika hazina ya ardhi.

Kenya ilionja uchungu huo bila kuwa na kisima. Mwishoni mwa 1973, nchi za Kiarabu zilipopunguza mafuta ziliyouza, bei ya pipa ilipanda takriban mara nne katika miezi michache. Bahati yetu ni kwamba uchimbaji wa kutafuta mvuke wa Olkaria ulikuwa umeanza tangu miaka ya 1950. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Leo mvuke ndio unaoongoza miongoni mwa vyanzo vya umeme wetu.

Tazama basi muda uliopita: takriban robo karne kati ya kisima cha kwanza na taa ya kwanza. Ndiyo sababu naona hatari katika furaha iliyozuka mafuta yalipogunduliwa Turkana mwaka 2012, kana kwamba tumekwisha kuokoka. Hayo nayo ni buyu. Na hata sasa matatu, malori na matrekta yetu karibu yote yanategemea mafuta ya kuagizwa kutoka nje.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, tusiishie kuwauliza wanafunzi mafuta yataisha lini. Tuwaulize gari litakalobeba mahindi kutoka Kitale litaendeshwa kwa nini wao watakapokuwa wazazi, na nani anapaswa kuanza kazi hiyo mwaka huu. Mwanafunzi wa shule ya upili atakuwa na umri wa karibu miaka arobaini kabla ya mpango unaoanzwa leo kukomaa. Usipoanzwa, deni litakuwa lake.