Sindano Moja, Safari Mbili

Mtu mzima akigunduliwa kuwa na TB katika nyumba ya chumba kimoja huko Yamumbi, Eldoret, watoto wanaolala naye ndio wa kuhofiwa kwanza. Hawakohoi, wanacheza kama kawaida. Lakini viini vya kifua kikuu vinaweza kujibanza mwilini miaka mingi bila dalili, na kupima makohozi hakutavifichua. Ndiyo maana kipimo cha ngozi kingali na kazi.

Daktari Robert Koch alitangaza tuberkulini, dutu inayotumika katika kipimo hicho, mwaka 1890 akiamini ni tiba. Haikuponya, ila ngozi ya aliyeambukizwa ilionekana kuiitikia, na mwaka 1908 Charles Mantoux wa Ufaransa akaeleza namna ya kuidunga ambayo hutumika hadi leo.

Muuguzi hudunga mililita 0.1 ndani ya ngozi ya mkono, chini kidogo ya kiwiko. Sindano ikikaa sawasawa, kipele cheupe huinuka papo hapo kisha hunywea. Chembe za kinga ambazo zimewahi kukutana na viini hivyo huanza kukusanyika hapo polepole, ndiyo maana aliyedungwa huambiwa arudi baada ya saa 48 hadi 72.

Akirudi, wekundu haupimwi. Muuguzi hupapasa kwa ncha ya kidole mpaka aguse ukingo wa uvimbe mgumu, hutia alama ya kalamu pande zote mbili, kisha huweka rula kukingama mkono. Milimita 10 humtosha mtoto aliyeishi na mgonjwa kuhesabiwa ameambukizwa katika nchi yenye TB nyingi kama Kenya; kwa anayeishi na virusi vya ukimwi, 5 zinatosha. Hata hivyo, BCG, chanjo ya kifua kikuu wanayopewa watoto wetu wakizaliwa, yaweza kuvimbisha mkono bure, na utapiamlo ukauacha laini ilhali viini vimo.

Kwangu mimi, udhaifu mkubwa uko kwenye ile safari ya pili. Mama anayeishi kwa vibarua hupoteza nauli na ujira wa siku, na mkono usiosomwa kwa wakati ni sindano iliyopotea. Mhudumu wa afya aliyefunzwa angeweza kuufuata nyumbani na rula yake. Tena Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa chini ya miaka 5 aliyeishi na mgonjwa apewe dawa za kinga bila kusubiri kipimo hiki, mradi ithibitike kwamba hana TB yenyewe.

Mwaka 2022 shirika hilo liliidhinisha vipimo vipya vya ngozi visivyodanganywa na BCG. Navyo husomwa baada ya siku mbili, tatu. Nauli ya kurudi bado inadaiwa.